Wataalamu na kinyongo cha Microsoft

Leo tunaingia kwenye kompyuta kidogo, usikimbie.

Itaje Microsoft mbele ya mtaalamu wa kompyuta, hasa wale wa zamani, uone anavyokunja uso. Wengi tunasema ni wivu tu, jamaa wanaumia roho kwa mapesa ya Bill Gates. Hapana bwana, kuna zaidi.

Kabla ya mwaka 1994, Microsoft ilikuwa na mikataba ya ajabu na watengenezaji wa kompyuta. Lipa kwa kila mashine inayotoka kiwandani, iwe ina programu yetu ya DOS au haina! Sasa nani angeweka ya mpinzani, alipe mara mbili? Serikali ya Marekani ilipoibana, mwaka huo kampuni ikakubali kuacha.

Likaja la Netscape, waliokuwa wakitamba kwenye intaneti katikati ya miaka ya 1990. Microsoft ikaleta Internet Explorer, bure, ikaibandika ndani ya Windows. Ni kama mwenye stendi kuingiza basi lake mwenyewe getini, nauli hakuna, mabasi ya wenzake yakae nyuma ya ukuta. Kesi ikafunguliwa Mei 1998. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson akaamuru kampuni ikatwe vipande viwili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikakataa kuikata, lakini ikakubali kwamba ilikuwa imelinda ukiritimba wake kwa njia haramu.

Uchungu uko hapo. Wataalamu waliamini kizuri chajiuza. Mtu anakesha miezi anatengeneza programu safi, halafu inakufa, si kwa ubovu, ila mlango una mwenyewe. Na Windows ya jirani ikigoma usiku, anayegongewa ni yeye huyo huyo!

Tuseme ukweli lakini: Windows kuwa kila mahali kumetusaidia. Ukijifunzia ofisi hii, unafanya kazi ofisi ile. Ila urahisi huo una bei yake, nayo ni kukosa cha kuchagua. Sisi hatukuiona bei hiyo, wao waliiona.

Mwaka 2001 Steve Ballmer, bosi wa Microsoft, aliifananisha Linux, mfumo wa bure unaotengenezwa na yeyote, na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ikainunua GitHub, kijiwe kikuu cha watengenezaji hao, kwa dola bilioni 7.5. Wapo waliosamehe, wapo waliozidi kununa.

Kwa hiyo ukimsikia jamaa wa kompyuta analalama, usimwambie ana wivu. Mkaribishe chai, akuhadithie.