Mashine Ihesabu Koma, Wewe Soma

Leo sina habari za simu mpya wala toleo jipya la Linux. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya kazi moja ya chuo ambayo kila muhula vijana wa ukoo na wa mtaa huniletea, eti kwa sababu mimi ni "mtu wa kompyuta": bibliografia yenye maelezo.

Kwa wale ambao hawajakutana nayo, kazi iko hivi. Mwanafunzi ana swali la utafiti. Anatafuta vyanzo kumi hivi, vitabu na makala za majarida, anaviorodhesha kwa mtindo fulani, mathalani APA, kisha chini ya kila chanzo anaandika aya fupi, maneno 150 hivi: chanzo hiki kinadai nini, kimejuaje, kinaaminika kiasi gani, na kitanisaidia vipi kwenye swali langu. Kwa hiyo kuna orodha na kuna maelezo. Orodha ni kazi ya mashine, maelezo ni kazi ya mtu. Sasa tazama tunavyofanya sisi. Kijana anakesha siku mbili akipanga koma, nukta na italiki kwa mkono, halafu maelezo anayapata kwa dakika kumi: ananakili ikisiri ya makala na kuibandika, au anaiamuru programu ya akili bandia imwandikie. Kazi ya mashine kaifanya mtu, kazi ya mtu kaifanya mashine. Na mhadhiri anapokea, anatoa kalamu nyekundu, anakata alama mbili kwa sababu jina la jarida halikuandikwa kwa italiki!

Jamani, tatizo la koma lilitatuliwa kabla wanafunzi hawa hawajazaliwa. Mwaka 1985 Oren Patashnik na Leslie Lamport walitoa BibTeX. Unaandika jina la mwandishi, kichwa, mwaka na jarida, kila kimoja mahali pake, na programu inapanga orodha kwa mtindo wowote utakaoambiwa. Tena humo ndani kuna sehemu inayoitwa annote, iliyowekwa mahususi kwa ajili ya maelezo ya chanzo. Mitindo ya kawaida ya BibTeX huiruka tu bila kuichapisha. Yaani waliofikiria jambo hili walijua tangu mwanzo kwamba ipo sehemu ambayo programu itaihifadhi lakini haitaijaza. Kwa asiyependa mambo ya LaTeX, tangu 2006 ipo Zotero, ambayo ni programu huria na ya bure, iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani. Unafungua ukurasa wa makala, unabofya mara moja, taarifa zinaingia. Zikague, maana tovuti nyingine hutoa taarifa chafu, jina la mwandishi likakaa mahali pa kichwa. Lakini kukagua ni dakika tano, si siku mbili.

Sasa njoo kwenye maelezo. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wengi wameona njia imefunguka. Mawakili wawili wa New York waliona hivyo pia. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi za awali ambazo hazikuwahi kuwepo. Programu ilizibuni, na majina na namba zikapangika vizuri kabisa. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Mwanafunzi wetu naye analeta makala yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na kichwa ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiandika. Programu hizi hukisia neno linaloelekea kufuata. Hazifungui kabati la maktaba. Zile zinazotafuta mtandaoni siku hizi huzua kidogo zaidi, ni kweli, na kuna dawa rahisi: chukua namba ya DOI ya makala, ile inayoanza na 10, iweke baada ya doi.org/ na uone kama inafungua makala yenyewe. Isipofungua, shuku.

Lakini mimi uzushi haunitishi sana, maana unakamatika. Kinachonikera ni maelezo ya kweli yasiyo na maana. Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Kijana anauliza: je, M-Pesa imepunguza umaskini Kenya? Swali zuri, na mada haina uhaba wa maandishi. Atakutana mapema na makala ya Tavneet Suri na William Jack katika jarida la Science la Desemba 2016. Ikisiri itamwambia kwamba M-Pesa iliziinua kaya zipatazo 194,000 kutoka kwenye umaskini, karibu asilimia 2 ya kaya za Kenya. Ananakili, anabandika, anaendelea na chanzo cha pili.

Hakuuliza walijuaje. Angesoma (kurasa tano tu, ndugu yangu, tano!) angekuta kwamba walilinganisha kaya ambazo mawakala wa M-Pesa waliongezeka sana karibu nazo na zile ambazo hawakuongezeka sana, kwa data za miaka ya 2008 hadi 2014. Hapo akili inaamka. Wakala hufungua duka wapi? Palipo na pesa, au popote tu? Kama wakala hufuata pesa, basi ni nani kamfuata nani? Waandishi wanalijibu swali hilo kwa namna yao, na kazi ya mwanafunzi ni kusema kama jibu limemtosha.

Tena mwaka 2019, Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere walichapisha katika Review of African Political Economy makala ya kuyapinga matokeo hayo waziwazi. Wanasema hesabu ile haikuweka maanani biashara ndogo zinazokufa, madeni yanayowaelemea watu, wala faida inayokwenda kwa wenye hisa wa nje. Wako sahihi? Mimi naona hoja ya madeni ina uzito, na ile ya biashara zinazokufa ilihitaji takwimu zaidi. Wewe unaweza kuona vingine. Ila jambo moja halina ubishi: ikisiri iliyoandikwa 2016 haiwezi kukuambia kilichosemwa 2019. Unaweza kuinakili mara mia, hutapata humo kwamba vyanzo namba tatu na namba saba kwenye orodha yako vinagombana. Na ugomvi huo ndio utafiti wako! Bila huo una orodha ya ununuzi.

Sisi waandika programu tunalijua hili. Maelezo ndani ya programu yanayosema "hapa tunaongeza moja" ni takataka, kila mtu anaona kwamba unaongeza moja. Yenye faida ni yale yanayosema kwa nini uliongeza.

Kuna watakaoniambia makala hizi zimefungwa kwa malipo. Nyingine ndiyo. Lakini vyuo vingi hapa hulipia majarida kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na akaunti ya maktaba wanafunzi wengi hawajaifungua hata siku moja. Muulize mkutubi wako.

Wahadhiri nao wasijifiche. Nairobi hii tunaijua biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, hadi Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 2022 ya kuipiga marufuku kule England. Biashara hiyo ilistawi kwa sababu kazi zenyewe zilitolewa kwa namna ambayo mtu asiyejali swali hata kidogo angeweza kuzifanya na kupata A. Ukisahihisha koma, utaletewa koma. Toa alama sifuri kwa mtindo, waambie watumie Zotero, alama zote ziende kwenye maelezo. Kisha mwite mwanafunzi, weka kidole kwenye chanzo kimoja na umuulize: huyu angebishana na nani humu ndani, na juu ya nini? Dakika tatu zinatosha.

Najua, darasa lina watu 200. Basi chagua 20 kwa kura, bila kuwaambia mapema ni akina nani. Programu ya kupiga kura hiyo nitakuandikia bure, haizidi mistari mitano.