Asilimia 12 ya Nini? Jinsi Faida ya Akiba ya Uzeeni Inavyohesabiwa

Mifuko ya pensheni ikitangaza faida ya mwaka, watu wanashika namba moja tu. "Hawa wametoa 12, wale wametoa 9." Basi, mjadala umeisha. Mimi naona hiyo asilimia peke yake haikwambii utaongezewa shilingi ngapi, na anayeumia zaidi kwa kutojua hilo ni yule anayeweka kidogo kidogo kwa simu: mama mboga, mtu wa boda boda, fundi wa jua kali.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Wengi huita pesa hii dividendi kwa sababu wamezoea sacco. Kule kwenye sacco, dividendi ni ya hisa zako, na akiba yako hulipwa riba kando, mara nyingi kwa kiwango tofauti. Kwenye mfuko wa uzeeni huna hisa. Una michango, ambayo inawekezwa pamoja na ya wenzako kwenye hati za serikali, hisa za kampuni, majumba na kadhalika. Mapato yakipatikana, gharama za kuendesha mfuko zinatolewa, pengine kiasi kinawekwa kando kwa ajili ya mwaka mbaya, kisha wadhamini wanatangaza kiwango. Hupewi mkononi. Inaingia kwenye akaunti yako na mwaka unaofuata nayo inazaa.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa mtu aliyeanza Januari akiwa na sifuri, akaweka shilingi 1,000 kila mwezi. Desemba ana 12,000. Mfuko unatangaza asilimia 12. Wengi watapiga 12,000 mara asilimia 12 na kusubiri 1,440. Hawataiona. Elfu moja ya Januari imefanya kazi karibu mwaka mzima, lakini ile ya Desemba imeingia juzi tu. Kama michango huhesabiwa tangu mwanzo wa kila mwezi, faida ni shilingi 780. Kama mchango huanza kuzaa mwezi unaofuata ule ulioingia, ni 660. Na kama kanuni ya mfuko inaangalia tu salio la mwanzo wa mwaka, mtu huyu anapata sifuri kwa mwaka huo wa kwanza. Asilimia ni ileile 12, na hakuna aliyemwibia.

Ndiyo maana naamini swali la kwanza kwa wakala wa pensheni lisiwe "mnatoa ngapi?" Muulize: "Shilingi yangu inaanza kuhesabiwa siku gani?" Akianza kuzungukazunguka, mwambie akutumie kanuni kwa maandishi.

Tangu mpango wa Mbao uzinduliwe mwaka 2011 kwa watu wa jua kali, kuweka shilingi 20 kwa siku kwa simu si jambo geni Kenya. Jina lenyewe ni sheng ya shilingi 20. Ni wazo zuri sana. Ila pesa ya kila siku ina adui anayeitwa ada ya kutuma, na hata kama hapa kwetu biashara ni malipo ya simu, hili lazima lisemwe wazi.

Tuseme unaweka 50 kila siku. Mwaka ukiisha una 18,250. Kwa asilimia 12 inayohesabiwa kila siku, faida yako ya mwaka wa kwanza ni kama shilingi 1,092. Sasa ukikatwa shilingi 5 kila unapotuma, umelipa 1,825 mwaka mzima. Ada imemeza faida yote na bado inadai. Ukikusanya ukatume 350 mara moja kwa wiki, hata kama ada ni shilingi 10, umelipa 520. Na kuchelewesha pesa hizo siku chache kunakupunguzia faida ya kama shilingi 18 hivi kwa mwaka. Kumi na nane! Kwa hiyo angalia kama mfuko wako ndio unaobeba ada. Kama ni bure, tuma kila siku bila wasiwasi. Kama unakatwa, tuma kwa wiki, mradi tu usiitumie hiyo 350 kabla ya Jumapili.

Kwa walioajiriwa, tatizo huwa kwingine. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa Machi, lakini mwajiri amepeleka pesa Agosti. Kwa mfuko, Machi hadi Julai hakukuwa na pesa ya kuzalisha chochote. Kukatwa si kuwekewa. Kwangu mimi hii ndiyo hasara mbaya kuliko kiwango kidogo cha faida, kwa sababu haionekani mpaka siku unapodai mafao.

Kuna na hili la anayetoka katikati ya mwaka. Kiwango hutangazwa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, kwa hiyo anayetoka kabla huweza kulipwa kwa kiwango cha muda, ambacho mara nyingi kiko chini. Kama unaweza kusubiri, uliza kwanza tofauti ni kiasi gani.

Leo jioni itisha taarifa ya akaunti yako kutoka kwa mfuko. Chukua ujumbe mmoja wa simu wa miezi mitatu iliyopita na ulinganishe tarehe uliyotuma na tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa. Kwa mwajiriwa, linganisha na hati ya mshahara. Zikipishana kwa wiki kadhaa, waandikie wadhamini wa mfuko ukiambatanisha ushahidi, na wakikunyamazia peleka malalamiko RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni nchini. Ule ujumbe wa simu usiufute.