Kabla ya skaneri, muganga aulize sigara

Raia wenzetu, vijana wa Lubumbashi,

Viongozi wakizungumza juu ya kansa, wanatuahidi mashine. Sisi tunadai kitu ambacho hakingoji mashine: kila mtu mzima anayefika kwenye santre ya afya aulizwe kama anakunywa sigara, na jibu liandikwe kwenye fishi yake.

Kule tulikopita sisi, wanaandika jina, umri, kilo, tensio. Sigara, hakuna. Mtu anaweza kukunywa paketi moja kwa siku miaka makumi mawili, akatunzwa malaria mara kumi, na hakuna aliyemwambia hata siku moja: acha, tutakusaidia.

Hatupingi skaneri. Mwaka 2011, utafiti wa Marekani juu ya watu zaidi ya 53,000 waliokunywa sigara sana ulionyesha kwamba skaneri ya mionzi midogo, mara moja kwa mwaka, inapunguza vifo vya kansa ya mapafu kwa asilimia 20, ukilinganisha na radio ya kifua. Lakini inataka mtaalamu wa kusoma picha, na mpasuaji kama doa limeonekana. Kwetu mgonjwa analipa skaneri kutoka mfukoni. Na tuwe macho: kwa mtu asiye na dalili, radio ya kawaida haichukui nafasi ya skaneri. Anayewauzia raia "uchunguzi wa kansa" kwa radio hiyo anawauzia karatasi tu.

Kinachotuuma zaidi ni kikohozi. Hapa kwetu kikohozi cha muda mrefu ni tibé, basi. Makohozi yanapimwa, tibé haionekani, mtu anapewa antibiotiki, anarudi nyumbani. Anarudi tena akiwa amekonda, anatema damu. Tunaomba sheria moja iliyo wazi: aliyekunywa sigara, ambaye vipimo havionyeshi tibé na kikohozi hakiachi, asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Apewe barua ya kupelekwa hospitali kubwa, na santre ifuatilie kama alifika. Mtandao wa tibé tayari uko kwenye zoni za afya, na sigara yenyewe inaongeza hatari ya tibé. Kazi hizi mbili ziende pamoja.

Na anayetaka kuacha, asaidiwe na nini? Pachi na chingamu za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS tangu 2009. Ingia famasi ya mtaani uombe pachi: watakuangalia kama umeomba viza. Lakini sigara moja moja unaipata kila kona. Kongo iliridhia mkataba wa kimataifa juu ya tumbaku mwaka 2005, na kifungu cha 14 kinadai serikali isaidie watu kuacha. Miaka imepita, pachi iko wapi?

Tunajua waganga wamechoka na mishahara haifiki. Tuko nyuma yao katika madai hayo. Kuuliza na kushauri ni dakika tatu, na ushauri mfupi wa muganga unaongeza idadi ya wanaoacha. Dawa na fishi mpya ni deni la serikali, si la muuguzi.

Juma hili, kila mmoja apite santre ya kwao, aombe kuona fishi tupu (si ya mgonjwa!), aangalie kama kuna mstari wa sigara, atuandikie. Majibu yenu tutayaambatanisha na barua yetu kwa divisheni ya afya ya jimbo.