Bustani ya Kijiji, Chungu cha Shule: Wito kwa Nachingwea na Ruangwa

Bustani ya jamii ni shamba dogo linalolimwa kwa msaragambo, na mavuno yake hayagawanywi kwa waliolima wala hayapelekwi gulioni. Huenda kwa wasioweza kushika jembe: watoto walio darasani, wazee wanaoishi peke yao, mama aliyejifungua juzi na hana wa kumchumia mboga. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, bustani ya namna hiyo haihitaji kusubiri mfadhili.

Watu wa huku ni wakulima hodari. Korosho, ufuta na mbaazi zao huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ila zao la biashara lina bei isiyopangwa kijijini. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka vibaya. Kaya inaweza kuwa na magunia ya mbaazi ndani, na mtoto wake akashinda shuleni bila kitu tumboni, kwa kuwa tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 chakula cha mchana kimebaki mikononi mwa wazazi na jamii. Hata anayeshiba ugali wa muhogo huenda anakosa mboga, kunde na matunda. Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa nchi inayolima kiasi hiki.

Mvua huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Masika mboga si tatizo: majani ya maboga, ya kunde na mlenda hupatikana hata kando ya njia. Shida ni kiangazi. Kwa hiyo bustani iwe bondeni au jirani na kisima, matuta yazamishwe ili yashike maji, na juu yake zitandazwe nyasi kavu. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina na huchumwa tena na tena. Bamia na nyanya chungu hufuata, mipapai na milonge ikikaa pembezoni. Samadi ya mbuzi na kuku yatosha.

Jambo moja lisipuuzwe. Kiangazi hichohicho ndicho msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Alfajiri, umande haujakauka, unga wa salfa hutoka kwenye pampu kama ukungu, ukapeperuka na kutua juu ya kila kilicho jirani. Mboga za watoto zisioteshwe mahali upepo unapoupeleka unga huo.

Nachingwea inakumbuka kilimo kilichopangiwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, wakajenga hata reli kutoka pwani, bila kuujua vya kutosha udongo na mvua za huku. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Bustani ya kijiji ianzie upande wa pili: robo eka, watu ishirini, na mzee anayejua ni bonde lipi hubaki na unyevu hadi Septemba.

Kazi igawanywe kwa zamu za vitongoji, kila kitongoji na siku yake. Daftari ni la lazima: kilichochumwa, nani alichuma, kilikwenda wapi. Kazi ya kujitolea hufa siku watu wanapoanza kunong'ona kuhusu fungu la mchicha lililoonekana sokoni. Hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, afisa ugani na mwalimu mkuu wakiwepo.

Wananchi wa wilaya zote mbili wanaombwa kuipeleka hoja hii kwenye mkutano wa kijiji ujao, na eneo litengwe ifikapo Mei. Mbegu ikisiwa katikati ya Juni, shule zikiwa zimefungwa, mchicha wa kwanza utaingia chunguni watoto watakaporudi Julai.