JERAHA LA KICHWA LISIDHARAULIWE
Mguu uliovunjika huonekana na kila mtu, kichwa sivyo. Mfanyakazi wa Mlimba aliyeangukiwa na tawi la mtiki aweza kurudi kazini siku ya pili, kisha baada ya miezi akaanza kusahau na kugombana na watu, jirani wakasema karogwa. Kwa hiyo twasema ajali iandikwe siku ile ile, na cheti cha daktari kihifadhiwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yampa mwajiri siku 7 kuupelekea Mfuko habari, na ajali isiyoarifiwa katika miezi 12 hupoteza haki. Mchango hulipwa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara. Twawataka waajiri wa bonde la Kilombero waibandike sheria hiyo mahali pa kazi, kwa Kiswahili.