Ufunguo wa miwani yako anao nani?

JICHO KAVU
Na Rashid Mwinyimkuu

Waingereza wakitaka kumsema mtu anayeona neema pasipo na neema, husema kavaa miwani ya rangi ya waridi. Lawama yote humwangukia yeye aliyevaa: kajidanganya, shauri yake. Mimi naona msemo huo unamwonea. Kabla hatujamcheka mwenye miwani, tuulize kwanza nani kamvisha.

Mwandishi wa Kimarekani L. Frank Baum alilijibu swali hilo mwaka 1900, tena katika kitabu cha watoto, The Wonderful Wizard of Oz. Wengi wanaijua hadithi hii kwa sinema ya mwaka 1939, ila sinema ilikiacha kipande ambacho mimi nakiona ndicho kiini chake. Kitabuni, msichana Dorothy na wenzake wanapofika kwenye lango la Jiji la Zumaridi, mlinzi anafungua sanduku kubwa lililojaa miwani ya kijani ya kila saizi. Kila mmoja anavishwa yake, hata mbwa Toto. Mikanda ya dhahabu inazungushwa kisogoni na kutiwa kufuli, na ufunguo unabaki kwenye mkufu shingoni mwa mlinzi. Wageni wanaambiwa ni kwa faida yao, maana mng'ao wa jiji ungewapofusha.

Wakiingia, kila kitu ni kijani: anga, watu, hata bisi za dukani. Dorothy anapewa gauni la hariri la kijani, na Toto anafungwa utepe wa kijani shingoni. Siku wanayotoka, mlinzi anawafungua miwani. Dorothy akijitazama, gauni ni jeupe pe! Utepe wa Toto nao ni mweupe. Baadaye mchawi mwenyewe, mtawala wa jiji hilo, anakiri kwamba jiji lake halina ukijani kuliko jiji jingine lolote, ila watu wamevaa miwani muda mrefu hata wengi wao wanaamini. Na kinachonikera zaidi ni kwamba jiji lenyewe lilikuwa zuri tu. Hapakuwa na haja ya kumtia mtu kufuli kichwani ili alipende.

Sasa mtazameni Pollyanna, binti wa kitabu cha Eleanor H. Porter cha mwaka 1913. Baba yake ni mchungaji maskini, na familia inaishi kwa mapipa ya misaada. Mtoto ametamani mwanasesere. Pipa likifunguliwa, hamna mwanasesere, mna magongo ya kutembelea. Baba anamfundisha mchezo wa kutafuta la kufurahia katika kila jambo. Katika hilo la magongo, la kufurahia ni kwamba yeye hayahitaji. Leo wasemaji wa Kiingereza humwita Pollyanna mtu yeyote anayechekelea mambo kijinga. Wanamkosea heshima. Mtoto yule hakusema hata mara moja kwamba magongo ni mwanasesere. Aliyaona kuwa ni magongo, akaamua mwenyewe atayapokeaje.

Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya matumaini na ulaghai. Mwenye matumaini anakionyesha kitu kilivyo, kisha anakwambia kwa nini hajakata tamaa. Mlaghai anakuficha kitu, anakuuzia rangi.

Najua nitakachojibiwa: bila kupakwa rangi kidogo, hakuna jambo kubwa lingefanyika duniani. Mfano unaopendwa ni Jumba la Opera la Sydney. Jørn Utzon, msanifu kutoka Denmark, alishinda shindano la michoro mwaka 1957. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 7 za Australia, kazi iishe mwaka 1963. Joe Cahill, kiongozi wa serikali ya jimbo la New South Wales, alihimiza ujenzi uanze mwaka 1959 hali paa lenyewe halijajulikana litasimamaje. Matokeo yake, nguzo zilizokwisha kujengwa zilionekana haziwezi kubeba paa, ikabidi zijengwe upya. Utzon aligombana na serikali iliyofuata, akaondoka mwaka 1966, wala hakurudi kuliona jumba lake limekamilika. Lilifunguliwa mwaka 1973, kwa dola milioni 102. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya makadirio matamu ilirefuka miaka kumi.

Naam, jumba ni la fahari, na mwaka 2007 UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwenye bahati nasibu, ambayo mtu hununua tiketi kwa hiari yake. Miradi mingi haina bahati hiyo: inalipiwa kwa kodi na mikopo, na hakuna anayekuuliza kama unataka tiketi. Isitoshe, tunakumbuka Sydney kwa sababu ilipendeza mwishoni. Miradi iliyopanda bei vilevile kisha ikawa mzigo, nani anaipiga picha za ukumbusho?

Wizara ya Fedha ya Uingereza ililielewa jambo hili. Mwongozo wake wa mwaka 2003 uliwataka wapangaji wa miradi ya umma waongeze makadirio yao ya gharama na muda kwa kuangalia yaliyotokea katika miradi iliyotangulia, kwa kuwa ilishajulikana kwamba mpangaji huuona mradi wake kuwa mwepesi kuliko ulivyo. Hakuna aliyekatazwa kuwa na matumaini. Walichotakiwa ni kuweka na hesabu mbaya mezani.

Nasi tudai hivyo hivyo kila tunapoitwa kupigia makofi jiwe la msingi. Anayetutangazia neema atuonyeshe mradi kama wake ulimalizika kwa bei gani kwingine, atwambie hali ikienda mrama nani atalipa, na majibu yake yachapishwe kabla ya sahihi kutiwa. Akiona maswali hayo ni uchuro, basi hana matumaini na mradi wake. Anayo na usahaulifu wetu.