Leza au ya Kawaida? Swali Hilo Wamekutungia Wauzaji

Harusi za Mfungo Mosi zinakaribia, na kila biharusi ninayeongea naye siku hizi ananiuliza jambo moja: kunyonya mafuta ya tumbo, nifanye kwa leza au ile ya kawaida? Utadhani tunachagua hina na piko.

Mimi nasema swali lenyewe ni mtego. Ukishaulizwa "ipi?", ushakubali kwamba utafanya.

Hebu tuzitazame. Katika ile ya kawaida daktari hutoboa tundu dogo, hujaza chini ya ngozi maji yenye ganzi na dawa ya kubana mishipa ya damu, halafu huingiza mrija wa chuma na kuusukuma huku na huku, mashine inavuta. Yale maji yaliletwa miaka ya 1980 na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, na ndiyo yaliyopunguza sana kumwagika damu. Leza ilikuja baadaye, Marekani waliiruhusu mwaka 2006. Uzi mwembamba wa mwanga hupenyezwa ndani, ukayeyusha mafuta kwa joto. Kisha nini? Mara nyingi mafuta hayo huvutwa kwa mrija, kama yale yale ya mwanzo! Tundu lipo, ganzi ipo, uvimbe upo. Kinachoongezeka ni joto, ambalo likizidi huunguza ngozi kutokea ndani. Hilo kwenye tangazo hulioni. Unaona "ngozi hukaza" tu, na hata huko kukaza hakutoshi kwa tumbo lililolegea sana.

Na zote mbili hazipunguzi uzito. Zinachukua mafuta ya juu juu, chini ya ngozi. Yale yaliyozunguka ini na utumbo, yanayoendana na kisukari na presha, hayaguswi kabisa.

Haya, na tarehe je? Baada ya hapo unavaa nguo ya kubana kwa wiki kadhaa, umbo linatulia miezi 3 hadi 6 baadaye. Anayefanya wiki tatu kabla ya ndoa ataingia ndani na michubuko. Singo atasuguliwa wapi huyo?

Hatari nyingine hazina leza wala kawaida: damu kuganda, mafuta kupenya mishipani mpaka mapafuni, ganzi kuzidi kipimo. Mwaka 2024 Nairobi mwanamke alifariki siku chache baada ya upasuaji wa aina hii, na kliniki ikafungwa na mamlaka.

Kwa upande wa dini, wanazuoni wengi wanatenganisha tiba na kubadilisha umbo kwa urembo tu. Muulize shehe unayemwamini kabla hujatoa pesa, maana wengi humuuliza wakiwa wameshafanya, wanatafuta wa kuwatuliza.

Nanyi mawifi mnaomnong'oneza biharusi kwamba gauni halitamkaa, kaka yenu alikuja kuposa kwa miguu yake, alimwona, akaridhika. Gauni lina fundi. Kuongeza inchi mbili ubavuni ni kazi ya mchana mmoja.

Aliyekwishalipa kianzio naye arudi akaulize: nani atakayenichoma ganzi, amesajiliwa na baraza la madaktari, na usiku nikizidiwa nitapelekwa hospitali gani? Wakianza kukujibu kwa picha za kabla na baada, dai pesa yako.